TV ya Bure Haikufa 2015, Tulidanganywa Tu

Nyumbani kwenu mnalipa kila mwezi ndio mtazame habari za saa moja? Kama ni ndiyo, soma hii hadi mwisho, alafu mwonyeshe mathe.

TV Kenya ilianza 1962. Kwa miaka mingi stesheni ilikuwa moja tu, ya serikali, ile ambayo 1989 ilipewa jina KBC. KTN ilikuja 1990, stesheni ya kwanza ya kibinafsi. Siku hizo ukiwa na TV na antena, umemaliza. Wa ushago wanakumbuka Greatwall imeunganishwa na betri ya gari, na msee mmoja nje anazungusha mti wa antena akiuliza, "Imeshika?"

Alafu dijitali ikaja. Mwaka 2006 kule Geneva, nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zilikubaliana kuachana na analogi kufikia Juni 17, 2015. Sababu ilikuwa poa: masafa yaliyobeba stesheni moja ya analogi yanaweza kubeba kadhaa za dijitali, na nafasi inayobaki ikapewa intaneti ya simu.

Hapa kwetu ikawa vita. Kampuni kubwa za habari zilipeleka kesi hadi Mahakama ya Juu, zikitaka leseni yao ya kusambaza mawimbi na muda zaidi. Wakashindwa kuelewana. Februari 14, 2015, siku ya Valentine, mitambo ya analogi ikaanza kuzimwa. NTV, KTN na Citizen zikapotea hewani karibu wiki tatu.

Mimi nilikuwa shule ya msingi. Mathe alienda tao, muuzaji akamwambia bila dikoda ya kulipia kila mwezi, asahau habari. Akanunua. Akalipa, mwaka baada ya mwaka. Nilipoacha chuo juu ya karo, nikarudi nyumbani na kupiga hesabu ya hizo pesa. Iliniuma.

Kwa sababu muuzaji alificha kitu kimoja: dikoda zilikuwa aina mbili. Kuna ya kulipia, na kuna ya bure, unanunua mara moja tu na hudaiwi tena. Kilichobadilika 2015 ni njia ya kurusha mawimbi. Stesheni zetu za kawaida zilibaki bure, na ni halali kabisa.

Siku hizi TV nyingi mpya hata hazihitaji dikoda. Angalia kwenye boksi au kitabu chake. Ukiona DVB-T2, nunua antena, chomeka nyuma, ingia kwenye mipangilio, iambie itafute stesheni. Kama picha inakatakata, inua antena juu ya paa. Tumerudi tu kwa "Imeshika?"

Lakini usilale. Januari 30, 2018, siku Raila alijiapisha Uhuru Park, serikali ilizima stesheni kubwa. Juni 25, 2025, tukiwa barabarani, mitambo ikazimwa tena hadi korti ikaamuru irudishwe. Wenye bando walihamia YouTube. Aliyetegemea antena alibaki akitazama kioo cheusi, na mara nyingi huyo ndiye hana pesa ya bando.

Hewa ni yetu sote. Mathe ameacha kulipa. Leo jioni geuza TV yenu, uangalie nyuma.