Slufay: Kijiji Kinachotungwa kwa Kinywa

Sisi watu wa pwani tukitaja ushairi, aghalabu huanza na vina na mizani. Kwa kipimo hicho slufay ya Wairaqw, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu, haimo. Ina usemi unaotamkwa na kisha kurudiwa maana yake kwa maneno mengine, na kila usemi unapokoma, waliohudhuria huitikia pamoja kwa mvumo wa sauti. Msemaji ni mzee; wakati ni mwisho wa mkutano au wa karamu ya pombe, kabla watu hawajatawanyika.

Kinachotungwa humo ni makazi yao wenyewe, jinsi wanavyotaka yawe: mvua inyeshe, ng'ombe waongezeke, watoto wazaliwe, watu wapatane, maradhi yaende mbali. Robert Thornton, aliyechapisha kitabu juu ya Wairaqw mwaka 1980, aliipa slufay uzito, na naona alipatia. Ni dua, hapana shaka. Lakini pia ni mchoro wa kesho, na ule mvumo ndio saini ya wakazi. Bila ya mvumo mzee anasema peke yake.

Msomaji wa Lamu au Mombasa hatastaajabu kusikia kwamba huko nako ng'ombe aliongozwa kuzunguka mipaka ya aya, yaani eneo la wakazi, kabla ya kuchinjwa. Nasi tumezungusha ng'ombe mji kwa kisomo.

Kutoka Irqwar Da'aw, kitovu chao katika milima ya Mbulu, Wairaqw walienea katika karne ya 20 hadi nyanda za Hanang. Nyanda hizo hazikuwa tupu: Wabarabaig, tawi la Wadatoga, walikuwa wakichunga huko. Hapa uzuri wa slufay unanitia mashaka. Anayeombewa kesho ni yule aliyeketi kikaoni. Jirani aliyesukumwa pembeni na mifugo yake ataitikia akiwa wapi?

Kisha ikaja michoro isiyongoja mwitikio wa yeyote. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa ofisini. Na huko Hanang, shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada lilitwaa ekari zipatazo laki moja za malisho ya Wabarabaig kwa kilimo cha ngano. Matrekta yalipita hata juu ya makaburi ya wazee wao. Hiyo nayo ilikuwa ndoto ya kesho, tena yenye bajeti.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlima Hanang, vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Baadhi ya waliopoteza makazi walijengewa nyumba mpya Waret. Wilaya hiyo ina Wairaqw, Wabarabaig, Wanyaturu na wengineo. Slufay ya kitongoji kama hicho isemwe kwa lugha gani, na nani ataketi karibu kiasi cha kusikika akiitikia?