Uzazi wa mpango ni bure, mbona hauwafikii wote sawa?

Mama wa Mponde, juu kwenye milima ya Usambara, na mama wa Tanga mjini wana haki ileile. Katika vituo vya serikali Tanzania nzima, huduma za uzazi wa mpango hazilipiwi: vidonge, sindano, kipandikizi ambacho wengi tunakiita kijiti, kitanzi, kondomu, hata kufunga kizazi. Hata hivyo, haki hiyo haiwafikii kwa kipimo kimoja. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo inatoka wapi.

Tuanze na sindano, kwa kuwa wengi wanaijua. Kinga yake ni ya miezi 3, kwa hiyo mama anatakiwa kwenda kituoni mara 4 kwa mwaka. Anayekaa mtaa wa pili kutoka kituoni humaliza shughuli hiyo asubuhi na kurudi kazini. Anayekaa kijiji cha mlimani hutembea au hulipa bodaboda kwenda na kurudi, na siku hiyo chai haichumwi wala shamba halilimwi. Masika yakianza, njia za Bumbuli huteleza na nauli hupanda. Akifika na kuambiwa dawa imekwisha, arudi wiki ijayo, nauli imepotea na wiki ijayo nauli nyingine haipo. Kwa wakulima wa chai, ambao kiwanda cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013 walibaki na majani yasiyo na mnunuzi, shilingi ya nauli si jambo dogo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ukichelewa tarehe ya sindano ile ya miezi 3 kwa wiki moja au mbili, usikate tamaa ukabaki nyumbani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kuchomwa hata ukichelewa hadi wiki 4. Baada ya hapo mhudumu huhakikisha kwanza kwamba huna mimba.

Tofauti ya pili ni ya uchaguzi. Zahanati ya kijiji kwa kawaida huwa na kondomu, vidonge na sindano. Kuweka kipandikizi au kitanzi kunahitaji muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo, vifaa vilivyotakaswa na chumba chenye faragha. Kufunga kizazi, kwa mwanamke au kwa mwanamume, kunahitaji mtaalamu wa upasuaji, na hapo safari ni ya hospitali: ile ya Kilutheri ya Bumbuli, au ya wilaya kule Lushoto. Ndiyo maana njia anayotumia mama wa kijijini mara nyingi ni ile iliyokuwepo kwenye rafu siku aliyofika, wala si ile ambayo angeichagua mwenyewe. Muuguzi mmoja mwenye ujuzi akihamishwa, kijiji kizima kinaweza kupoteza njia mbili kwa siku moja.

Kutoa kipandikizi ni habari nyingine, na haisemwi vya kutosha. Kuna cha miaka 3 na cha miaka 5. Muda ukifika, au mama akitaka mtoto kabla ya muda, au akisumbuliwa na hedhi isiyo na mpangilio, ana haki ya kutolewa. Lakini timu ya huduma za mkoba iliyokuja kuweka vijiti siku moja huenda isionekane tena kwa miezi. Mama aliyezungushwa hivyo huwasimulia wenzake, na hapo ndipo hofu nyingi huanzia. Tunawalaumu mno akina mama kwa “imani potofu”, ilhali sehemu ya hofu yao imetokana na mambo yaliyowapata kweli. Sindano, kwa mfano, hailetei mtu ugumba wa kudumu, lakini ni kweli kwamba uzazi huchelewa kurudi kwa miezi kadhaa baada ya kuiacha. Kwa kipandikizi na kitanzi haichukui muda mrefu. Mama anayetaka mtoto karibuni anastahili kuambiwa hilo kabla ya kuchomwa.

Takwimu zinaonyesha pengo lilivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta mwanamke wa mjini anazaa kwa wastani watoto 3.8, wa kijijini 6.0. Ukitazama kwa kipato pengo huzidi kupanuka: kaya tajiri zaidi 3.1, kaya maskini zaidi 7.5. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 31 ya wanawake walio kwenye ndoa wanatumia njia ya kisasa, na asilimia 21 walitaka kupumzika au kuacha kuzaa lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote. Kwa hesabu nyepesi, hao ni mmoja kati ya watano.

Umaskini peke yake hautoshi kueleza. Katika utafiti ule wa 2015-16, mkoa ulioongoza kwa njia za kisasa ulikuwa Lindi, kwa asilimia 52, na Lindi si mkoa wa matajiri. Wa mwisho ulikuwa Kusini Pemba, asilimia 7. Majirani zetu wanaonyesha hivyohivyo. Kenya mwaka 2022 ilifikia asilimia 57 kitaifa, lakini ndani yake Embu ilikuwa na 75 na Mandera 2. Rwanda, nchi ya milima kama Usambara, ilifikia 58 katika utafiti wa 2019-20. Kwa hiyo milima si kisingizio.

Tanzania haikuanza jana. Chama cha uzazi wa mpango ambacho leo ni UMATI kilianza mwaka 1959. Mpango wa taifa ulikuja 1989, na alama ya Nyota ya Kijani ikaanza kuonekana kwenye vituo miaka ya 1990. Lakini safari haikuwa nyoofu. Septemba 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi wasisikilize ushauri wa kupunguza kuzaa, na siku chache baadaye wizara ya afya ikasimamisha matangazo ya redio na televisheni ya mradi mmoja uliofadhiliwa na Marekani. Huduma yenyewe haikufungwa, ila kwa anayetegemea redio, tangazo likizimwa kituo cha habari kimezimwa.

Kisha kuna suala la nani ananunua dawa. Mwaka 2013 watengenezaji wa vipandikizi walikubali kushusha bei karibu nusu kwa nchi maskini. Kimoja kilitoka dola 18 hadi 8.50. Hiyo ni sababu mojawapo ya vijiti kuenea hadi kuipita sindano katika utafiti wa 2022. Lakini shehena kubwa zilitegemea fedha za wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada mwanzoni mwa 2025, dawa za uzazi wa mpango zenye thamani ya dola milioni 9.7 zilikwama kwenye maghala Ubelgiji. Shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, IPPF, lilisema sehemu ya Tanzania ilikuwa sindano zaidi ya milioni 1 na vipandikizi zaidi ya 365,000, sawa na asilimia 28 ya mahitaji ya mwaka. Dawa zikipungua, wa mwisho barabarani ndiye wa kwanza kukosa.

Nyumbani nako kuna mlango. Baadhi ya wanawake hurudishwa na mhudumu wakaambiwe walete mume kwanza. Kushauriana na mume ni jambo jema, lakini mwongozo wa taifa haumtaki mwanamke kuleta idhini yake, na haumzuii msichana ambaye hajaolewa wala hajazaa. Kuhusu dini, vituo vya Kanisa Katoliki hufundisha njia za asili tu, na masheikh wengi hukubali kupanga nafasi kati ya mtoto na mtoto kwa maelewano ya mume na mke.

Ukienda kliniki, uliza mambo matatu: njia zipi zipo leo, nani atanitoa kipandikizi nikitaka, na kama dawa imekwisha, ni kituo kipi cha karibu chenye nayo. Kondomu na vidonge hupatikana pia kwenye duka la dawa muhimu, ila hapo utalipa. Dawa ikikosekana mara kwa mara, pa kuanzia ni kamati ya afya ya zahanati yenu, kwa kuwa wajumbe wake ni wanakijiji na wana haki ya kuona maombi ya dawa yaliyotumwa na yaliyojibiwa.