Kichwa cha Jumatatu

Mwishoni mwa karne ya 19, katika viwanda vya baruti vya Ulaya na Marekani, kibarua mgeni alijulikana kwa kichwa chake. Siku ya kwanza kilimwanga vibaya, uso ukamwiva, moyo ukamwenda mbio. Baada ya siku chache akawa mzima kabisa, anafunga dinamiti na wenzake. Akipumzika Jumapili, Jumatatu maumivu yalirudi upya. Wazoefu wakabuni kinga yao: walipaka nitrogliserini, kilipuzi kilichomo ndani ya dinamiti, kidogo ndani ya utepe wa kofia, wakarudi nayo nyumbani, ngozi ikaendelea kuinywa mpaka siku ya kazi.

Nitrogliserini ilitengenezwa mara ya kwanza na Ascanio Sobrero mjini Turin mwaka 1847. Aliionja, naye akaumwa kichwa. Mwaka 1879 daktari wa London, William Murrell, alieleza katika jarida la The Lancet jinsi alivyolamba kizibo cha chupa yenye mchanganyiko wa asilimia 1. Moyo ulimdunda hata kalamu aliyoshika ikarukaruka kwa kila pigo. Aliwapa wagonjwa wenye maumivu ya kifua, wakapata nafuu. Alfred Nobel mwenyewe, aliyetajirika kwa dinamiti, aliandikiwa dawa hiyo hiyo mwaka 1896, mwaka aliofariki.

Mwilini dawa hii hutoa oksidi ya nitriki, inayolegeza kuta za mishipa ya damu. Mishipa ya kichwani ikitanuka, kichwa huuma. Damu inayorudi moyoni ikipungua, moyo hupunguziwa kazi na kifua hutulia. Lakini dawa isipokatika, vimeng'enya vinavyoichakata hudhoofika, na mwili hujihami kwa kubana mishipa na kuzuia chumvi na maji. Ndiyo maana kichwa cha kibarua kilipona haraka.

Jambo zito zaidi lilikuwa kuikosa nitrogliserini ghafla. Mwaka 1972 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida la Circulation habari za wafanyakazi wa kiwanda cha silaha walioshikwa na maumivu ya kifua walipokuwa mbali na kazi, mishipa ya moyo ya baadhi yao ikiwa haijaziba. Mishipa iliyozoea kulegezwa kila siku ilikuwa imejibana.

Vibarua wa dinamiti walistahili kusikilizwa mapema. Miaka ya 1980 vilipokuja viraka vya nitrogliserini vya kubandikwa ngozini, vilikusudiwa kukaa saa 24. Muda si mrefu ikaonekana kwamba vikibaki mfululizo, nguvu yake hupotea. Sasa mgonjwa huelekezwa kukibandua kiraka kwa saa 10 hadi 12 hivi, mara nyingi usiku, ili mwili usiizoee dawa. Anayetumia nitrogliserini au nitrati nyingine kila siku amwulize daktari wake saa hizo ni zipi, wala asiiache ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe.