Tarehe ya Kiwanda cha Meyer, Görlitz

Mwaka 1896 Hugo Meyer na mshirika wake Heinrich Schätze walifungua kiwanda cha lenzi mjini Görlitz, mashariki ya Ujerumani, kando ya mto Neisse. Mwaka huohuo Paul Rudolph wa kampuni kubwa ya Zeiss, kule Jena, alibuni lenzi ya Planar. Meyer alifariki mwaka 1905, asijue kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza Rudolph huyohuyo, sasa mzee wa miaka zaidi ya 60, angekuja kupiga hodi Görlitz. Lenzi zake za Plasmat zikatengenezwa humo.

Hata hivyo, wakusanyaji wa leo hawaulizii sana kazi za bwana mkubwa huyo. Wanaulizia Trioplan ya kiwanda hichohicho, lenzi ya watu wa kawaida: vioo vitatu tu, viwili mbinuko na kimoja mbonyeo katikati, mpango uliobuniwa na Mwingereza Dennis Taylor mwaka 1893. Vioo vitatu havitoshi kuikutanisha miale yote mahali pamoja. Inayopita pembezoni huachana na ya katikati, na kila nukta ya mwanga iliyo nyuma ya kinachopigwa picha huvimba ikawa duara lenye ukingo mkali. Umande juani hugeuka mapovu ya sabuni. Kwa mafundi wa zama zile huo ulikuwa upungufu. Mpiga picha alibana tundu la lenzi ili mapovu yatoweke, na mwenye fedha alinunua Zeiss.

Baada ya 1945 mpaka wa Poland ulipita mtoni ukaugawa mji, na kiwanda kikawa mali ya dola ya Ujerumani Mashariki. Mwaka 1968 kikaunganishwa na kampuni ya Pentacon ya Dresden, na tangu 1971 jina la Meyer likaondolewa kwenye lenzi. Lenzi ya Oreston ya milimita 50 ikawa Pentacon, vioo vilevile. Anayelijua hilo hajisumbui kulipia jina. Ujerumani ilipoungana, kiwanda hakikudumu.

Kisha, mwaka 2008, zikaanza kuuzwa kamera za kubadilisha lenzi zisizo na kioo cha kuakisi ndani. Kwa wembamba wake, adapta ya bei ndogo yatosha kuzifunga lenzi za zamani, na picha za mapovu zikasambaa. Bei ya Trioplan ya milimita 100 ikapaa. Mwaka 2014 kampuni moja ya Koblenz ililifufua jina la Meyer, ikafilisika 2018. Kampuni nyingine, ya Bad Kreuznach, ikalichukua.

Wajanja, nao, wamegeukia lenzi za projekta za slaidi, kama Diaplan, kutoka kiwanda hichohicho. Nazo zina vioo vitatu na mapovu yaleyale, kwa sehemu ndogo ya bei. Ila hazina tundu la kubana wala pete ya kulenga, kwa hiyo mnunuzi huzitafutia bomba la skrubu la kulengea na kuzifunga mwenyewe.