Nani Atabisha Hodi? Historia Fupi ya Simu ya Mtoto

Sisi tuliosoma shule ya msingi hapa Uingereza tunaikumbuka nambari 0800 1111. Shuleni kwetu ilibandikwa ukutani karibu na vyoo. Nilipokuwa na miaka minane nilirudi nyumbani na rula iliyoandikwa nambari hiyo. Mama akaisoma, akaiweka juu ya friji, asiseme neno. Jioni shangazi yangu alipokuja kunywa chai akaiona, akasema, "Haya, sasa wanawapa watoto nambari ya kuwashtakia wazazi!" Watu wazima wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao.

Kauli ile nimeisikia mara nyingi tangu siku hiyo, kwenye harusi, kwenye futari, hata hapa chuoni: kwamba kuuliza habari za mtoto wa mwenzio ni mambo ya Wazungu, na kwamba kwetu siri ya nyumba haitoki nje. Muhula huu nimejaribu kufuatilia ile nambari ilitoka wapi. Nilichokikuta kimenifanya niamini kwamba kauli ile ina makosa mawili: Wazungu wenyewe hawakuzaliwa na desturi hii, na sisi kwetu hatuikosi.

Tuanze na Waingereza. Mwaka 1822 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa mifugo, wakiwemo farasi, ng'ombe na punda. Mwaka 1824 kikaundwa chama cha kuwalinda wanyama. Mtoto wa binadamu alisubiri mpaka mwaka 1889 ndipo akapata sheria yake, yaani miaka 67 baada ya punda. Katika kipindi chote hicho, mtu aliyempiga mwanawe ndani ya nyumba yake alihesabiwa kuwa yumo katika mamlaka yake, na jirani aliyesikia vilio hakuwa na mlango wa kubisha.

Hata wazo la kuanzisha chama cha watoto lilitoka nje. Huko New York mwaka 1874, kesi ya msichana aitwaye Mary Ellen Wilson, aliyekuwa akipigwa na mlezi wake, ilifikishwa mahakamani kwa msaada wa mwanzilishi wa chama cha kulinda wanyama cha Marekani. Baada ya kesi hiyo kikaanzishwa chama cha kuwalinda watoto. Mfanyabiashara wa Liverpool, Thomas Agnew, alikitembelea mwaka 1881, na aliporudi akasaidia kuanzisha chama kama hicho mjini kwake mwaka 1883. London ikafuata mwaka 1884, chini ya juhudi za mchungaji Benjamin Waugh. Chama hicho cha London ndicho kilichokua kikawa NSPCC, na ndicho kilichopigania sheria ya mwaka 1889. Kwa mara ya kwanza polisi waliweza kuingia nyumbani kumwokoa mtoto, na mzazi katili akashtakiwa.

NSPCC iliajiri wakaguzi waliozunguka mitaani wakiwa wamevaa sare. Watu waliwaita "bwana ukatili", na wazazi waliwatishia watoto watukutu kwa jina hilo. Kwa hiyo hofu ya shangazi yangu si ya Kiafrika peke yake. Bibi wa Kiingereza wa mwaka 1900 angemwelewa vizuri sana. Lakini wakaguzi wale wasingeweza kuijua kila nyumba. Walitegemea mtu wa mlango wa pili aje aseme. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa alikuwa jirani.

Shida ni kwamba jirani anaweza kusema asisikilizwe. Mwaka 1973 huko Brighton, msichana wa miaka saba, Maria Colwell, aliuawa na baba yake wa kambo. Uchunguzi wa hadhara uliofuata ulionyesha kwamba majirani na walimu walikuwa wametoa taarifa mara kadhaa kuhusu hali yake. Kila ofisi ilikuwa na kipande chake cha habari, na hakuna aliyeviunganisha. Baada ya kifo hicho ndipo halmashauri, polisi, madaktari na shule wakaanza kutakiwa kukaa pamoja na kuzungumzia watoto walio hatarini.

Katika habari hizi zote bado mtoto mwenyewe hana sauti. Wanaosema ni watu wazima. Kilichobadilisha hilo ni simu. Wazo la kutumia simu kumsaidia mtu aliye katika dhiki lilikuwa limeshajaribiwa London mwaka 1953, pale kasisi Chad Varah alipoanzisha huduma ya Samaritans kwa watu waliofikia hatua ya kutaka kujiua. Mtu hakuhitaji kujitaja jina wala kutazamwa usoni. Mwaka 1986 mtangazaji wa BBC, Esther Rantzen, alichukua wazo hilo akalipeleka kwa watoto. Baada ya kuwaomba watazamaji wa kipindi chake waeleze mateso waliyoyapata utotoni, tarehe 30 Oktoba 1986 alizindua Childline. Simu ilikuwa ya bure, kwa hiyo mtoto aliweza kupiga hata kutoka kibanda cha simu barabarani bila sarafu mfukoni. Usiku huo wa kwanza simu zipatazo 50,000 zilijaribu kuingia, nyingi kuliko zilizoweza kupokewa.

Watoto hao hawakuanza kuteswa siku simu ilipofunguliwa. Walikuwepo miaka yote, wakikosa pa kusemea. Na anayepiga Childline hapelekwi moja kwa moja kwa polisi. Anasikilizwa kwanza, na siri yake inatunzwa isipokuwa pale uhai wake au wa mtu mwingine unapokuwa hatarini. NSPCC nayo ina simu ya watu wazima: mzazi aliyelemewa, bibi mwenye wasiwasi, jirani asiye na uhakika. Huyo haulizwi ushahidi. Anaeleza alichokiona, na kupima ni kazi ya wenye ujuzi. Mwaka 2006 Childline ilijiunga na NSPCC, na huduma hizo mbili zikawa chini ya paa moja.

Kutoka Uingereza wazo hili likasafiri, na kila mahali lilipofika likabadilika. Mjini Mumbai mwaka 1996 Jeroo Billimoria alianzisha simu ya watoto wa mitaani, wengi wao wakilala katika vituo vya reli. Nambari yake ni 1098, ambayo kwa Kihindi husomwa "kumi, tisa, nane", ili hata mtoto asiyejua kusoma aikumbuke. Mwaka 2003 Billimoria huyohuyo alianzisha Child Helpline International, mtandao unaounganisha simu za watoto za nchi mbalimbali. Afrika Mashariki leo nambari ni moja, 116, na ni ya bure. Kenya inaendeshwa na Childline Kenya kwa ushirikiano na serikali. Tanzania iliendelezwa na shirika la C-Sema pamoja na serikali. Uganda huduma hiyo inaitwa Sauti, neno letu la Kiswahili.

Wala haikuja kwa kuiga tu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kufanya utafiti wa taifa zima kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Ulifanyika mwaka 2009, na ripoti ikatoka mwaka 2011. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote walisema walipigwa au kuumizwa mwilini. Na takriban nusu tu ya wale wasichana walikuwa wamemwambia mtu yeyote.

Mwaka huohuo wa 2009 Tanzania ilipitisha Sheria ya Mtoto. Kifungu cha 95 kinasema kwamba mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuiarifu serikali ya mtaa. Sheria haikutaja mwalimu au daktari peke yake. Imesema mwanajamii yeyote. England yenyewe haijamwekea jirani wa kawaida wajibu kama huo. Tume kubwa ya uchunguzi wa ukatili wa kingono dhidi ya watoto ilipomaliza kazi mwaka 2022 ndiyo iliyopendekeza wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa, nao ni kwa wanaofanya kazi na watoto. Basi anayesema kutoa taarifa ni mambo ya Wazungu, sheria ya Dodoma inamkana.

Sasa nirudi London, kwa kisa kinachotuhusu sisi tuliolelewa ughaibuni. Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake ili apate elimu Ulaya, jambo ambalo kila mmoja wetu anaweza kutaja mfano wake katika ukoo. Alifika London mwaka 1999 na hakuandikishwa shule hata siku moja. Alilazwa katika hospitali mbili akiwa na majeraha. Tarehe 25 Februari 2000 alifariki akiwa na miaka minane, na shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye wakahukumiwa kwa mauaji. Ripoti ya Lord Laming ya mwaka 2003 ilihesabu angalau nafasi 12 ambazo wahusika wangeweza kumwokoa.

Kuna jambo moja katika ripoti hiyo ambalo siwezi kulisahau. Victoria alionekana akisimama wima, amekakamaa, mbele ya mlezi wake. Badala ya kuona hofu, ofisa aliyehusika aliona utii na heshima ya familia za watu weusi. Heshima yetu, tunayojivunia kila siku, ikawa pazia. Tena mtoto yule alizungumza Kifaransa. Nambari ya Kiingereza ukutani ingemsaidia nini?

Hapa sheria ya England na ukoo wetu hazielewani. Kwa Sheria ya Watoto ya 1989, mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye mzazi wala ndugu wa karibu, halmashauri lazima ijulishwe. Ndugu wa karibu ni bibi na babu, kaka na dada, mjomba, ami, shangazi, au mzazi wa kambo. Lakini sisi binamu wa mama pia ni mama mdogo, na rafiki wa baba aliyekua naye ni ami. Kwa lugha yetu mtoto yuko kwao. Kwa sheria yuko kwa watu baki, na hakuna anayejua yupo. Familia nyingi hazitoi taarifa kwa kutojua, si kwa nia mbaya. Lakini mtoto asiyejulikana na ofisi yoyote hana wa kumbishia hodi.

Nilipokuwa sekondari, katika mtaa wetu alikuwepo msichana wa namna hiyo, amekuja "kukaa kwa mama mdogo". Kila tulipokwenda alikuwa jikoni au amebeba mtoto mchanga. Shule alikuwa haendi. Wanawake walilizungumza sebuleni kwetu kwa sauti ya chini. Mmoja alisema ukipiga simu watamchukua. Mwingine alisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Wiki iliyofuata mama yangu, yule aliyeweka rula juu ya friji bila neno, alipiga simu halmashauri.

Hakuna aliyechukuliwa. Alikuja ofisa ustawi wa jamii, akakaa, akauliza, akarudi tena na mkalimani. Baada ya likizo msichana yule alianza shule, na familia ile ikaelezwa msaada wa malezi iliokuwa na haki ya kuupata. Lakini hawakuja tena kwetu Idi, wala Idi iliyofuata. Mama hakuwahi kujitetea. Nilipomwuliza mwaka huu kama anajuta, alisema, "Wao watasamehe wakipenda. Yule mtoto asingeweza kunisubiri."

Nimepeleka pendekezo kwa kamati ya chama chetu: tuiandikie halmashauri, tujitolee kutafsiri maelezo ya kanuni ya siku 28 na nambari za msaada kwa Kiswahili kizuri, wahadhiri wetu wayahakiki, kisha tuyapeleke misikitini, makanisani na kwenye maduka yetu. Anayetaka kushiriki aje kikao cha Alhamisi.