Alikwenda Kushtaki, Akarudi Ametakaswa



Wengi wetu twaujua wimbo wa Tukutendereza Yesu. Twauimba arusini na mazishini, hata sisi tusiojua Kiganda. Ni wimbo wa kumsifu Mwokozi ambaye damu yake inatusafisha. Lakini wimbo huu wa Kiganda ulifikaje vijijini mwetu hapa Kenya? Habari hiyo yatupeleka kwanza katika hospitali moja ya misheni.

Hospitali hiyo iko Gahini, nchini Rwanda, karibu na ziwa Muhazi. Mwaka 1928 alifika huko daktari Mwingereza, Joe Church. Mara njaa kuu ikaingia nchini na watu wengi wakafa. Daktari alitaabika usiku na mchana hata akachoka mwili na roho. Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala, na huko kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo Mganda. Kwa siku mbili walisoma Biblia na kuomba pamoja. Fikirini, ndugu zetu: katika siku zile za utawala wa wakoloni, Mzungu na Mwafrika walipiga magoti bega kwa bega, wote wawili wahitaji mbele za Mungu mmoja.

Hata hivyo, Gahini hapakutulia mara moja. Mkuu wa wasaidizi wa hospitali, Yosiya Kinuka, alikuwa na manung'uniko mengi. Naye akasafiri mpaka Kampala, akamweleza Nsibambi mabaya yote ya hospitali ile. Nsibambi hakuanza kupima makosa ya hospitali. Alimwonyesha Kinuka ya kwamba taabu iko moyoni mwake mwenyewe, nayo ni dhambi. Bila shaka neno hilo lilikuwa chungu. Lakini Kinuka alipokuwa njiani kurudi, alijitoa kwa Kristo. Alikuwa amekwenda kushtaki wengine, akarudi yeye mwenyewe ametakaswa. Hospitali ilikuwa ile ile, ila mtu aliyerudi alikuwa mpya.

Je, si hivyo tulivyo hata sisi? Twajua sana dhambi za mwenye nyumba, za mwalimu, za mzee wa kanisa, na za mke au mume. Bwana Yesu alitufundisha tutoe kwanza boriti iliyo katika jicho letu, ndipo tutakapoona vema kibanzi kilicho katika jicho la ndugu. Mtu asiyekubali kwamba amechafuka hatatafuta maji.

Moto ulipowaka Gahini, watu waliungama wazi wazi. Waliokuwa wameiba walirudisha mali za watu. Wamisionari nao waliomba msamaha kwa Waafrika kwa sababu ya kiburi chao. Lakini tuangalie utaratibu wa mambo haya. Mwizi aliyerudisha blanketi hakuoshwa na blanketi lile. Alioshwa kwa damu ya Kristo, bure, kwa neema, kwa njia ya imani; ndipo blanketi likamwasha mikononi akalirudisha. Mtume Paulo awaandikia Waefeso katika mlango wa 2 kwamba wokovu ni kipawa cha Mungu, wala hautokani na matendo, mtu asije akajisifu.

Mwaka 1937 wajumbe wa uamsho walifika Kabete, na mwaka 1938 wakafika Maseno. Kisha, Oktoba 1952, hali ya hatari ikatangazwa katika nchi yetu, na damu nyingi ikamwagika. Katika nchi ya Wagikuyu, wengi wa ndugu waliookoka walikataa kula kiapo, wakisema kwamba wamekwisha kushiriki damu ya Kristo, wala hawawezi kuichanganya na nyingine. Tena wengi wao walikataa kushika bunduki upande wa serikali, kwa kuwa hawakutaka kumwua mtu. Hivyo walishukiwa huku na huku, na baadhi yao waliuawa. Kwao utakaso haukuwa neno la wimbo tu. Moyo uliosafishwa chuki haukukubali kuirudia chuki, hata kwa kuokoa maisha.

Lakini hatuna budi kusema na hili: miaka ilipopita, baadhi ya ndugu walianza kupimana kwa mavazi na kwa madeni, hata wakafarakana. Neema ikageuzwa kuwa sheria. Hii ni hatari yetu sote. Jana tulioshwa, leo twasimama mlangoni kuwakagua wanaoingia!

Basi, msikilizaji mpenzi, umekuja leo na mashtaka ya nani? Yaweke chini kwanza. Waraka wa kwanza wa Yohana, mlango wa kwanza, watuahidi kwamba tukiziungama dhambi zetu, Mungu ni mwaminifu, atatusamehe na kutusafisha. Ahadi hii ni kwa aliyeokoka miaka 30 iliyopita na kwa yule asiyemjua Bwana bado.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, tumezoea kukuletea makosa ya wenzetu. Leo twakuletea yetu. Utuoshe kwa damu yako, utupe nguvu ya kurudisha tulichokitwaa na kupatana na tuliyemkosea. Amina.