Nani Alikuwa Tayari Kujifunza? Wasafiri wa Mataifa katika Njia ya Misafara ya Tabora



1. Utangulizi

Wahenga walisema: tembea uone. Usemi huu unachukulia kwamba anayetembea ataona. Historia ya njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo na pwani ya jirani, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji, inatufundisha kwamba jambo hili si la lazima. Wako waliotembea siku mia na zaidi wasione ila yale waliyokuwa wakiyajua kabla ya kuondoka kwao. Wako pia waliorudi wakiwa watu wengine.

Swali ninalotaka kulijadili leo ni hili: je, utayari wa msafiri kupokea mambo mageni hutegemea taifa lake? Swali lenyewe si jipya. Katika saikolojia, utayari huo ni moja ya tabia tano kuu ambazo Robert McCrae na Paul Costa walizijengea kipimo, na wapo waliotumia vipimo vya namna hiyo kulinganisha mataifa. Sisi nasi, katika mazungumzo ya kila siku, hatukosi kusema kwamba Waingereza wako hivi, Waarabu vile, na Wanyamwezi vile tena. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2005, uliohusu tamaduni 49, ulionyesha kwamba picha walizo nazo watu kuhusu tabia za mataifa haziwiani na tabia zinazopatikana watu wenyewe wanapopimwa.

Mimi si mwanasaikolojia. Ushahidi wangu ni wa mwanaisimu: ni lugha gani msafiri alijifunza, ni maneno gani aliyapokea, na watu aliowakuta aliwaita nani. Hoja yangu ya msingi ni kwamba, katika njia ya Tabora, taifa la msafiri linatueleza machache mno. Yanayotueleza mengi zaidi ni mahitaji yake, cheo chake katika msafara, na taratibu ambazo jamii yake ilikuwa imejiwekea za kuishi na mgeni.

2. Waingereza wawili katika nyumba moja

Tuanze na mfano ulio wazi. Tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134, Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Kaze, makazi ya wafanyabiashara yaliyokuja kuwa sehemu ya mji wa Tabora. Wote wawili walikuwa Waingereza, maofisa wa jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India, na walisafiri katika msafara mmoja. Kama taifa ndilo linaloamua, tungetarajia wafanane.

Hawakufanana. Burton alikijua Kiarabu. Alikaa na mwenyeji wao, Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyezijua vyema habari za bara, na kwa msaada wake akakusanya msamiati wa lugha za njia ile. Speke hakukijua Kiarabu. Mazungumzo yale yalimpita. Alipotaka kusema na watu alimtegemea Sidi Mubarak Bombay, waliyeelewana naye kwa Kihindustani. Mwezi Julai 1858, Burton akiwa amebaki Kaze na daftari zake, Speke alielekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa kubwa ambalo mwenzake hakwenda kuliona.

Ni yupi kati yao aliyekuwa tayari kupokea mambo mageni? Aliyejifunza maneno, au aliyekwenda mahali? Burton aliwasikiliza Waarabu kwa heshima, lakini kitabu chake cha mwaka 1860 kimejaa dharau kwa Waafrika, wakiwamo wale ambao lugha zao alikuwa akiziandika. Speke alikwenda hadi Nyanza, kisha akalitanguliza jina la malkia wake mbele ya neno alilolikuta. Kila mmoja alikuwa na mlango alioufungua na mlango alioufunga. Kwa hiyo utayari huu si kitu kimoja kinachoweza kuwekwa kwenye mizani na kupewa namba. Mtu anaweza kuwa mwepesi wa kujifunza lugha na mzito wa kumheshimu msemaji wake.

3. Taifa la msafiri ni lipi?

Ugumu wa pili ni wa taifa lenyewe. Henry Morton Stanley aliyefika Unyanyembe mwezi Juni 1871 alizaliwa Wales, lakini alitumwa na gazeti la New York Herald na kusafiri chini ya bendera ya Marekani. Musa Mzuri, aliyempokea Speke aliporudi Kaze mwaka 1861, alikuwa Mhindi aliyekuwa ameishi bara miaka mingi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Zanzibar na kuitwa Mwarabu. Lakini baba yake alikuwa na makazi Tabora na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira.

Na Bombay je? Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru bwana wake alipofariki, akarudi Zanzibar. Baadaye alisafiri na Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron. Bombay aliyajua mambo mageni kuliko mabwana zake wote, lakini safari yake ya kwanza hakuichagua. Hatuna budi kulisema jambo hili waziwazi. Njia hii ilipitisha pembe za ndovu na nguo za merikani, na ilipitisha pia watu waliouzwa. Wengi walijifunza lugha ngeni na desturi ngeni kwa sababu walinyang'anywa za kwao. Si haki kuwahesabu hao pamoja na watalii.

4. Kusikiliza kwa ajili ya faida

Tumezoea kudhani kwamba mtu mwenye moyo wa kujifunza ni mtu mwema. Maandishi ya Kiswahili ya zama zile yanatutahadharisha. Tippu Tip aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Anasimulia jinsi alivyosikia habari za mwanamke wa ukoo wa mtawala Kasongo Rushie aliyetekwa zamani, na jinsi alivyojitambulisha kwa mtawala huyo kuwa ni mjukuu wa mwanamke huyo. Alipokewa na kuachiwa madaraka. Huyu alikuwa msikilizaji hodari wa historia za wenyeji, na usikivu wake ukawa silaha.

Safari za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901, kina masimulizi ya Sleman bin Mwenye Chande ya safari ya kibiashara hadi Tanganyika. Msimulizi wa namna hii hana anasa ya kudharau asichokielewa. Ni lazima ajue hongo ya kila mtawala ni kiasi gani, na ni shanga zipi zinazopendwa mahali gani, kwa maana shanga zilizokuwa mali katika nchi moja ziliweza kukataliwa katika nchi ya pili. Ujuzi wake wa mambo ya wenyeji ni wa kina kwa sababu makosa yangemgharimu mtaji, na pengine uhai.

Hata hivyo, tazameni msamiati. Watu wa pwani walijiita waungwana na kuwaita watu wa bara washenzi. Hata neno letu la maendeleo ya kiutu, ustaarabu, limejengwa juu ya jina la Mwarabu. Mfanyabiashara aliyezikariri bei na desturi za Unyamwezi aliweza kurudi pwani bila neno lake hilo moja kuguswa. Alijifunza yote isipokuwa kwamba wale walikuwa sawa naye.

5. Wapagazi na utani

Sasa niwageukie wasafiri waliokuwa wengi zaidi katika njia hii na walioandika machache zaidi, yaani Wanyamwezi. Mwanzoni mwa karne ya 19, kabla misafara ya pwani haijazoea kwenda kwao, wao walikuwa wakishuka pwani na pembe na bidhaa nyingine. Walikwenda pia kusini-magharibi hadi Katanga, ambako Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alianzisha dola yake ya Garanganze. Mpagazi aliyebeba kilo 30 na zaidi kwa miezi kadhaa hakuwa mnyama wa mizigo. Wengi walifanya biashara yao wenyewe, wakarudi na nguo, habari na lugha.

Je, Wanyamwezi walizaliwa na moyo mpana kuliko wengine? Nikisema hivyo nitakuwa nimerudi kwenye kosa lile lile ninalolipinga. Walichokuwa nacho ni utaratibu. Uhusiano wa utani uliopo kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani na ya pwani, wakiwamo Wazaramo, umehusishwa na safari hizi. Tumezoea kuuona utani katika mizaha, hasa misibani. Lakini mzaha ni sehemu tu ya wajibu mpana: mtani humpokea mtani, humlisha, na akifia ugenini humzika. Mtu aliyejua kwamba akianguka njiani yupo wa kumfukia aliweza kuthubutu kwenda mbali. Hapa utayari wa kupokea mageni haukuachwa katika moyo wa mtu mmoja mmoja. Ulifanywa kuwa deni baina ya jamii na jamii.

Uwezo wa kubeba desturi mbili kwa pamoja unaonekana pia kwa wale waliokuwa na David Livingstone, ingawa wao walitoka sehemu mbalimbali. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, hadi tarehe 25 Agosti 1872, akisubiri watu ambao Stanley aliahidi kumpelekea. Alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake huko huko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba. Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wauzike mwili hapo. Walikataa. Mwezi Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Wao ndio waliouelewa umuhimu wa mgeni kurudishwa kwao, hata pale mtu wa taifa la marehemu alipokuwa tayari kuuacha.

6. Hitimisho

Naomba kumalizia kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilipanda treni ya reli ya kati kwenda Tabora nikiwa na orodha ya maneno 200 ya kuuliza. Nilielekezwa kwa mzee mmoja ambaye babu yake alikuwa mpagazi. Niliposema kwamba mimi ni Mzaramo, alicheka sana. "Ala! Mtani wangu umekuja. Mjukuu wangu, mwekeeni uji huyu, hawa wa pwani hawajui kujipikia." Alijibu maneno yangu yote 200. Kisha akaanza kunitajia majina ya vituo vya misafara kama alivyoyasikia kwa babu yake, kimoja baada ya kingine, na kazi za kila mtu msafarani.

Sikuyaandika. Fomu yangu haikuwa na safu yake. Nilimshukuru, nikafunga daftari, nikawahi treni. Niliporudi baada ya miaka kadhaa nikiwa na akili zaidi, mzee alikuwa amekwisha kufariki. Nilikuwa Mtanzania katika nchi yangu, nikizungumza Kiswahili na mtani wangu aliyenipa uji, na bado mlango wangu ulikuwa umefungwa. Burton, kwa dharau zake zote, angeandika.

Mwaka 2006 njia hii iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Huko Kwihara mgeni huonyeshwa tembe linalomkumbuka Livingstone, na ni vyema. Lakini wapagazi waliojenga njia hii kwa miguu yao hawana tembe. Makumbusho yao yamo katika lugha. Neno mtemi limetoka huko. Neno ikulu, makao ya mtemi, limetoka huko vile vile, na leo ndilo jina la makao ya Rais wa Jamhuri yetu. Waliokuwa wakiitwa washenzi ndio waliotupa neno la mahali pa heshima kuliko pote nchini.

Kwenu wanafunzi mtakaokwenda uwandani, nawaombeni jambo moja dogo. Katika kila fomu mtakayoiandaa, acheni ukurasa mmoja usio na swali. Huo ni wa mwenyeji.